Pedi ya pili kwanza

Jirani yangu hapa Soweto, Mbeya, alimwahidi mwanawe PlayStation akifaulu darasa la saba. Mtoto kafaulu. Mama akaja kwangu, maana mtaa mzima unajua mimi na gemu tumetoka mbali. "Kaka, mashine nimeshapata, PS4 ya mtumba, ndani ina FIFA, ile ya mpira. Nimebakiwa na hela ya gemu moja. Nimchukulie ipi?" Nikamwambia asichukue gemu, achukue pedi ya pili, kile kifaa cha kushika mkononi unachochezea. Akarudia swali, akidhani sijamsikia vizuri.

Nilimsikia. Ningekuwa na nafasi ya kumpa ushauri mmoja tu mtu anayeanza gemu nyumbani kwake, ningempa huohuo.

Nilianza miaka ya 1990, nikiwa darasa la tatu, kwa zile mashine za kaseti zilizoigwa kwa Nintendo, unachomeka nyuma ya tivii. Gemu yetu ilikuwa Contra, ya kupigana kwa risasi. Siri ya kupata maisha 30 ilifika Mwanjelwa, hapahapa Mbeya, kwa mdomo: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Tuliikariri kuliko jedwali la saba. Lakini kilichonifundisha kucheza ni steji ya maporomoko ya maji. Pale wawili mnapanda mwamba pamoja, na skrini inapanda na aliye juu. Ukikimbilia juu ukamwacha mwenzako, skrini inamkata chini, anakufa, hata kama hakuna adui aliyemgusa. Kaka yangu aliniua hivyo mara nyingi sana. Siku tuliyoanza kusubiriana, mmoja anaruka anasema "njoo", mwingine anafuata, tulipita. Ninaikumbuka ile furaha mpaka leo, na sijawahi kuipata nikicheza peke yangu.

Baadaye ikaja PlayStation kwenye kibanda cha mbao. Nani aliyekulia Nyanda za Juu asiyekumbuka Julai ndani ya kibanda cha gemu? Ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza, vidole vimekufa ganzi, unavipulizia pumzi ukisubiri zamu yako. Mashine ikichoka kusoma CD, mwenye kibanda anaigeuza kichwa chini na inasoma. Winning Eleven yetu, gemu ya mpira, ilikuwa ya Kijapani, kwa hiyo menyu tulizijua kwa kuhesabu mistari: shuka mara mbili, bonyeza, shuka mara moja, bonyeza. Mshindi anakaa, aliyefungwa anaachia pedi. Hakuna kubishana, kuna watu kumi nyuma yako. Pasi ya kupenyeza sikufundishwa na mtu, niliiba kwa kutazama kidole cha mwenzangu kikienda kwenye pembetatu kila mara kabla hajanifunga. Na kwenye Tekken 3, gemu ya ngumi na mateke, nilijifunza kumvumilia mtu anayemchagua mpiganaji Eddy Gordo, akabonyeza vitufe hovyo, akakupiga. Huo ni uvumilivu mkubwa.

Kucheza na watu kwa njia ya intaneti nakupenda pia, ila hakujazi nafasi hiyo. Yule wa mbali humwoni akicheka, wala hamgawani karanga. Halafu kuna bando. Gemu ya GTA San Andreas ya mwaka 2004 ilitosha kwenye DVD moja ya PS2. GTA V inakaribia GB 100. Ukishusha mzigo huo kwa bando la simu utajuta. Ndiyo maana kwa sisi wa huku nashauri mashine yenye mdomo wa CD. Tangu PS5 itoke mwaka 2020 lipo toleo lisilo na mdomo huo, na bei yake inavutia, lakini gemu uliyoshusha huwezi kumwazima jirani. CD unaazima, unabadilishana, unauza ukiichoka. Mimi hapa nina CD nne tu zilizo zangu, na nimecheza gemu nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Ukienda kununua pedi ya mtumba, usiridhike kwamba inawaka. Ingia kwenye gemu, mweke mchezaji uwanjani, kisha toa vidole kabisa. Akianza kutembea mwenyewe, kijiti kimechoka, irudishe. Bonyeza kila kitufe, hata vile vya nyuma. Hakikisha pia ni ya mashine yako: pedi ya PS3 haikufai kwenye PS4, na ya PS4 haichezi gemu za PS5.

Kwa gemu za kuchezwa na wawili, Overcooked ndiyo ninayoipenda kuliko zote, mnapika jikoni kunawaka moto na kila mtu anaagiza. It Takes Two, iliyopata tuzo ya gemu bora ya mwaka 2021, haichezeki kabisa na mtu mmoja, na nawapa heshima kubwa waliothubutu kuitengeneza hivyo. Mpira si lazima ununue toleo jipya kila mwaka. La miaka mitatu nyuma linafunga magoli yaleyale. Na gemu ya hadithi ya mtu mmoja, kama God of War ya 2018, nyumbani kwangu tunaicheza kwa zamu: ukifa, unampa mwenzako pedi. Ila hiyo ina namba 18 ya umri kwenye kasha, kwa hiyo binti yangu yumo kitandani kwanza. Mzazi, itazame ile namba. Haikuwekwa kwa urembo.

Jambo moja linaniuma. Watu wanaweka gemu na dubwi kapu moja. Dubwi ni kamari. Pale hakuna ujuzi wowote unaoongezeka, mashine imeshapangwa kula hela yako. Ukimwona mwanao amesimama pale na sarafu, mtoe. Ukimwona kashika pedi, kaa naye.

Jirani alichukua pedi. Tulienda naye Mwanjelwa, tukakataa mbili zilizokuwa zinatembea zenyewe, ya tatu ikakubali. Nikamwazima CD yangu ya Overcooked kwa wiki moja. Siku ya nne, saa tatu usiku, simu yangu ikaita. Ni yeye, nyuma namsikia mtoto akipiga kelele: "Mama, sahani! Sahani!" Alitaka kujua kitufe cha kukatia vitunguu ni kipi.