Kabla hujamkatia mzee vidonge vyake

Nyinyi mlioanza juzi wodini hapa Pemba, nawaelezeni kosa langu mapema.

Alikuja mzee kutoka upande wa Konde, anameza fenobabitoni ya kifafa tangu ujanani. Damu yake ilipelekwa kupimwa nje ya kisiwa, majibu yakarudi miligramu 46 kwa lita. Mimi nimekariri kuwa 15 hadi 40 ndiyo kiasi chake, basi nikashika kalamu nifute dawa yote. Nesi mkubwa wa zamu, mama asiye na maneno mengi, akaniuliza: "Mgonjwa mwenyewe umemtazama?" Sikuwa nimemtazama. Alikuwa barazani, kakaa wima, anabishana na mwenzake juu ya bei ya karafuu.

Kiwango kile kingempata mtu asiyeizoea dawa, pengine angelala kutwa nzima. Ubongo wa mzee ulishazoea. Na lau ningemkatia ghafla, kifafa kingemrudia mfululizo hata kumuua. Dawa hii hushushwa kidogo kidogo, kwa wiki na miezi. Nusu yake huchukua siku tatu, nne hivi kutoka mwilini, kwa hiyo ukibadilisha dozi Jumatatu ukapima Alkhamisi, bado unaipima dozi ya zamani. Subiri wiki tatu.

Lakini msije mkadhani aliyezoea hadhuriki. Usingizi huzoeleka upesi, pumzi haizoei kiasi hicho. Akiongeza pombe au kidonge kingine cha kulaza, mambo huharibika. Habari ya pombe muulize faraghani, si mbele ya mkwewe.

Diazepamu, kidonge cha kutuliza na kulaza, nayo ina hila yake: ini huivunja ikazaa kitu kingine chenye nguvu ya kulaza, nacho hukaa mwilini muda mrefu kuliko dawa yenyewe. Kwa bibi wa miaka 70 hujikusanya usiku baada ya usiku, mpaka anayumba asubuhi akienda kutawadha, na watu wanasema ni uzee.

Tena usiulize "unatumia dawa?" Wengi watakujibu hapana, kwani cha usingizi hawakihesabu dawa. Mwambie mtoto wake alete mfuko wa vidonge wote. Mwezi wa Ramadhani uliza pia kama anameza baada ya futari au wakati wa daku, maana wako wanaoviacha hadi Idi.

Siku hizi juu ya fomu ya damu naandika: kaanza mwaka gani, kameza mwisho saa ngapi, kaja kwa miguu yake au kabebwa.