Damu yangu ni 8.6, naweza kuchanja korona?

SWALI: Shikamoo dokta, mi niko Tandahimba, nina miaka 29, sina mimba. Nilipimwa damu nikaambiwa ni 8.6, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Nataka kuchanja korona ila mama mkwe anasema chanjo itanimalizia hata hiyo damu kidogo iliyobaki. Nisubiri ipande kwanza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usisubiri, kachanje. Mama mkwe mwambie kwa upole tu kwamba chanjo hainywi damu, unachomwa dawa isiyozidi nusu mililita kwenye msuli wa bega na hakuna damu inayotolewa, na katika hizi zilizoletwa nchini tangu Julai 2021, iwe Janssen, Sinopharm au Pfizer, hakuna hata moja yenye kirusi cha korona kilicho hai. Upungufu wa damu wenyewe sio sababu ya kukataliwa chanjo. Tena wenye selimundu (sikoseli) ndo wawahi kabisa maana korona ikiwapata huwa inawatesa zaidi.

Ila kuna watu inabidi waseme kabla ya kuchomwa: kama ukijigonga kidogo unavilia damu, fizi zinatoka damu ovyo, umewahi kuambiwa chembe sahani (zile zinazogandisha damu) ziko chini au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hapo mwambie nesi, yeye atatumia sindano nyembamba na wewe utabana pale na pamba kama dakika mbili bila kusugua. Na kama mtu anahema akiwa amekaa tu, moyo unamwenda mbio, huyo aende hospitali akatibiwe kwanza, chanjo baadae.

Sasa mi 8.6 yako ndo inanisumbua kuliko chanjo. Mwanamke asiye na mimba tunataka afike 12, kwahiyo imeshuka sana tu, na hujaniambia imeenda wapi. Hedhi inatoka nyingi? Unaenda shamba peku? Huku kwetu minyoo ya safura wanaingilia kwenye nyayo wakafika tumboni wakakunyonya damu taratibu, mtu anameza vidonge miezi na damu haipandi afu anasema amerogwa. Kichocho nacho kipo sana Mtwara na Lindi, ukiona mkojo wa mwisho mwisho una damu usinyamaze. Kapime choo na mkojo, dawa zake zipo na sio kozi ndefu.

Vidonge usimeze na chai ya rangi, hapo wengi ndo wanaharibu, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, acha lipite saa moja au mawili hivi. Meza na maji, ukipata chungwa au embe ule. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni hivyo vidonge. Juisi ya rozela kunywa ukipenda ila usiitegemee, dagaa na maini yana maana zaidi.

Ukishachanja mkono utauma, unaweza kuchoka au kupata homa siku moja mbili, panado inatosha, na vidonge vya damu endelea navyo kama kawaida. Homa ikivuka siku mbili usiseme ni chanjo, nenda kapime malaria, maana nayo inakula damu na wewe huna ya kupoteza.