Ukilaza Gari Uwanja wa Duka Malindi, Jijulishe kwa Soja wa Usiku

Ukitoka Mombasa alasiri na mzigo, usijidanganye kwamba siku hiyo utalala Lamu. Malindi ni kilomita kama 120, na ukishamaliza foleni ya Mtwapa, magharibi itakukuta hapo hapo Malindi. Mbele yako zimebaki zaidi ya kilomita 200 hadi Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, kwa njia ya Gongoni, Garsen, Gamba na Witu, na hiyo si barabara ya kuendea usiku. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, magari yamekuwa yakisindikizwa na polisi vipande kadhaa vya njia ile, na dereva mwenye busara huipita Gamba jua likiwa juu. Kwa hivyo gari linalala Malindi. Linalala wapi, na kwa adabu gani, ndilo ninalotaka kulizungumza.

Mimi nauza leso na madera. Nachukua Biashara Street, Mombasa, napeleka Lamu, na gari likishajaa halina nafasi ya kuongeza hata kikapu. Nyumba nyingi za wageni za bei yetu hazina ua wa kuingiza gari, na ukilala ndani mzigo unalala barabarani. Kushusha marobota usiku na kuyapandisha tena alfajiri ni kulipa mahamali mara mbili. Ndiyo maana wengi tunaopita na bidhaa tumezoea kuegesha kwenye uwanja wa supamaketi au kituo cha mafuta, mahali penye taa, lango na mlinzi. Viwanja hivi ni mali ya watu, na kila mwaka naona lango jingine likifungiwa wasafiri. Mara nyingi sababu ni mgeni mmoja aliyelala pale vibaya.

Kwanza kabisa: kama una jamaa Malindi, nenda kwa jamaa. Shangazi yako wa mtaa wa Barani akisikia ulilala garini na mlango wake upo, atahuzunika, na ana haki. Ila vichochoro vya mitaa mingi havipitishi gari, na mara nyingi utajikuta wewe umelala kwa shangazi na gari limelala uwanja wa duka. Adabu ni ile ile, uwe ndani ya gari au usiwe.

Ruhusa huombwa kukiwa bado na mwanga. Ingia dukani, uliza meneja au msimamizi wa zamu, umweleze yote bila kupunguza: unatoka wapi, unakwenda wapi, gari gani, limebeba nini, mko wangapi, mtaondoka saa ngapi. Wengi huficha kwamba watalala ndani ya gari, wakidhani watakataliwa. Sema. Soja akimulika kioo saa nane za usiku akakuta mtu asiyemtarajia amejifunika leso gubigubi, atashtuka, na mkononi ana rungu. Ukikataliwa, shukuru utoke, usibembeleze. Meneja ana bosi wake, na huenda bima ya jengo hairuhusu gari la mtu baki kubaki baada ya kufunga.

Lakini ruhusa ya meneja ni nusu tu, na hapa ndipo wasafiri wengi huteleza. Walinzi wengi hubadilishana zamu saa kumi na mbili jioni. Yule uliyemsalimia ukiingia langoni saa kumi na moja atakuwa ameshavua sare na kwenda zake, na aliyechukua nafasi yake hakujui. Meneja naye akishafunga hesabu anaondoka. Usiku kucha mwenye uwanja ni mtu mmoja mwenye tochi na kitabu. Msubiri huyo. Nikishapata ruhusa ndani, mimi hukaa mpaka zamu ibadilike, ndipo nimwendee mwenyewe nikiwa nimevaa vizuri na kichwa nimejitanda, si kwa kupiga honi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye mwenye Noah nyeupe ile. Meneja amenipa ruhusa nilaze gari hapa, alfajiri naondoka. Nimekuja unijue uso."

"Meneja yupi? Maana hawa wako wawili."

"Aliyevaa shati la buluu, yuko pale penye kaunta ya mkate."

"Basi ningojee, nikamuulize mwenyewe."

Sikuona vibaya hata kidogo. Mlinzi anayekwenda kuuliza ndiye wa kumwachia mali yako. Akarudi na kile kitabu chao cha zamu, kile wanachokiita OB, jalada limepasuka likashikizwa kwa gundi ya karatasi. Akauliza nambari ya gari, jina, simu, tumo wangapi, ndani mna nini. Aliandika polepole, simu ameibana kwa kidevu ili immulikie, kisha akanisomea nambari ya gari herufi kwa herufi mpaka nikaitikia. Halafu akaliangalia gari lenyewe. "Hapo ulipoliweka liondoe. Huo mnazi haujaangushwa nazi tangu Mfungo."

Kuandikwa kwenye kitabu kile kunamkinga yeye zaidi ya kukukinga wewe. Asubuhi kikionekana kioo cha duka kimevunjwa, au pipa la nyuma limepinduliwa, wa kwanza kuulizwa ni yeye: gari lile lilikuwa la nani? Akiwa na nambari na jina, ana jibu. Akiwa hana, amelaza mgeni kinyemela, na kampuni za ulinzi humfukuza mtu kwa jambo kama hilo bila kumsikiliza mara ya pili. Kwa hivyo usimwombe akuingize kimyakimya. Na usimpe pesa jioni. Noti inayotoka kabla ya ruhusa ni hongo, hata ukiiita chai, na inamfunga mdomo mtu ambaye kazi yake ni kusema. Asubuhi, ukishawasha gari na kumuaga, hapo mpe chako. Mimi humpa shilingi 200 na mkate nilioununua jioni dukani kwao. Wengine wana uwezo zaidi, wape zaidi.

Kununua dukani ni jambo la haki. Maji, mkate, sabuni, vitu ambavyo ungenunua mahali pengine hata hivyo, vinunue pale, na risiti uiweke. Ila usinunue kwanza ukaenda kuomba huku umeishika kama kwamba umelipia usiku. Omba kwanza, halafu nunua.

Pa kuegesha muulize mlinzi, usijichagulie. Yeye anajua lori la mkate linaingia mlango gani kabla ya alfajiri na linageukia wapi, anajua jenereta iko upande upi na itanguruma umeme ukikatika, anajua maji ya mvua hutuama wapi. Kwa kawaida utapelekwa ukingoni, mbali na mlango wa wateja. Liingize gari kinyumenyume ili asubuhi utoke bila kuhangaika. Usichukue nafasi mbili. Kengele ya gari, kama ni ile inayolia paka akiruka juu ya boneti, izime. Malindi ina paka wengi, na nyuma ya ukuta wa duka kuna watu wamelaza watoto.

Sasa lile ambalo halipendezi kuandikwa lakini ndilo linalofunga malango: choo. Duka likishafungwa choo chake kimefungwa. Jua mapema utakwenda wapi. Kituo cha mafuta kinachokesha huwa nacho, na misikiti mingi ina vyoo na mahali pa kutawadhia, ukiingia kwa hodi na ukapaacha pakavu na safi kuliko ulivyopakuta. Kwa mwanamke ni vigumu zaidi, kwa sababu si kila msikiti una upande wa wanawake. Mimi na binti yangu hwenda kabla duka halijafungwa, na jioni hatunywi chai nyingi. Ukuta wa duka si choo, hata saa tisa za usiku, hata kwa mtoto mdogo.

Wala uwanja si jikoni. Nimewahi kukuta familia iliyotandika mkeka kando ya gari, ikateleka jiko la makaa, ikapika wali na samaki wa kukaanga, watoto wakawa wanacheza mpira kati ya magari ya wateja wa mwisho. Walikuwa watu wema, walinikaribisha nikala. Lakini asubuhi pale palibaki jivu, mifupa, na doa jeusi la mafuta kwenye matofali ya uwanja, na kunguru wameshatawanya kila kitu mpaka mlangoni. Nilipopita tena, langoni palikuwa na mnyororo na kibao: hakuna kulaza magari. Nilimwona mlinzi yule yule, akanitazama kwa huzuni, na sikumlaumu. Kula chakula baridi, au nenda mkahawani. Viti, turubai, kamba ya kuanikia nguo, hivyo ni vya kambini, visitoke garini.

Desturi hii haiko kwetu peke yetu. Marekani, wenye magari ya kulala husafiri wakiegesha usiku kwenye viwanja vya Walmart, na hata huko ruhusa hutolewa na meneja wa kila duka, kulingana na nafasi iliyopo na sheria za mji. Wazoefu wao hukanyana yale yale: kaa ukingoni, usitandaze vitu nje, lala usiku mmoja uondoke. Usiku mmoja na sisi tuushike. Barabara ikifungwa kwa mafuriko ya Mto Tana, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023, na ukalazimika kubaki, rudi kwa meneja ukaombe upya. Usidhani ruhusa ya jana inaendelea.

Joto la Malindi nalijua, na ninajua kishawishi cha kuacha injini ikinguruma ili kipoza hewa kifanye kazi. Usifanye hivyo. Gari lililosimama injini ikiwaka linaweza kuingiza ndani kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Shusha vioo kidogo, vioo vya pande zote mbili ili upepo upite, na ushone kipande cha chandarua cha kufunika nafasi hiyo, maana mbu hawakosi. Leso nyepesi ya kujifunika inatosha.

Kwenye kituo cha mafuta kuna la ziada. Kaa mbali na pampu na mbali na ile mifuniko ya chini ambako lori la mafuta humiminia, kwa sababu likifika kushusha litahitaji nafasi yote, na mvuke wa petroli hauoni aibu ya moto wa kiberiti. Kuvuta sigara, kuwasha jiko la gesi, hata dakika moja, hapana.

Jingine ni kalenda yetu. Ramadhani uwanja wa duka lililo karibu na msikiti hujaa watu wa tarawehe, na pilikapilika huendelea mpaka daku. Uliza kabla, pengine wanaihitaji nafasi hiyo. Ijumaa usiache gari likafika saa sita mchana pale ambapo waumini huegesha.

Nimalizie na Mokowe, maana huko gari halilali usiku mmoja. Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, ni mji wa vichochoro na punda. Gari lako halina kazi kule, na wewe utavuka kwa boti. Litabaki bara siku zote utakazokuwa kisiwani. Hapa si hisani tena, ni biashara: ulizia mtu mwenye ua unaojulikana, mkubaliane bei ya kila usiku kabla hujapanda boti, uchukue simu yake na ya mlinzi wake. Lipige gari picha pande zote mbele ya mlinzi, na umwonyeshe. Usiache kitu kinachoonekana kwa kioo. Akiomba ufunguo ili aweze kulisogeza, mimi hukataa kwa upole na kumwomba anionyeshe nafasi ambayo halitamzuia mtu. Siku ya kurudi mpigie usiku wa kuamkia, ili magari ya mbele yaondolewe mapema na upate msafara wa asubuhi.

Na kama ni Mfungo Sita, mnakwenda Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, basi usifike Mokowe ukitegemea bahati. Wageni hutoka pwani yote na mbali zaidi, na magari hubanana hadi hakuna pa kufungulia mlango. Piga simu wiki moja kabla uwekewe nafasi. Ukiikosa, liache gari Malindi kwenye ua wa kulipia na uchukue basi la asubuhi mpaka Mokowe; mzigo wa leso unaweza kufuata safari nyingine.