Kabla Hujabandika Kiraka kwenye Kerneli, Soma Namba Hadi Mwisho

Vijana wengi wa Mwanza wanaonitafuta kuhusu klasta, yaani kundi la mashine zinazofanya kazi pamoja, huanza kwa kuuliza kiraka (mabadiliko ya msimbo) cha kerneli, kiini cha Linux, kinabandikwaje. Amri yenyewe ni mstari mmoja tu. La kujiuliza kwanza ni kama unakihitaji hicho kiraka.

Kama mfumo wako wa mafaili, ule unaowezesha mashine zote kusoma na kuandika mafaili yaleyale, ni OCFS2 au GFS2, huna cha kubandika. Yote miwili iliingia kwenye kerneli rasmi ya Linux mwaka 2006, OCFS2 katika toleo la 2.6.16 na GFS2 katika 2.6.19. Ceph, mfumo mwingine wa aina hiyo, kwa upande wa mteja (mashine inayotumia mafaili, si seva inayoyatunza), ilifuata mwaka 2010 na toleo la 2.6.34. Unaita moduli (kipande cha ziada cha kerneli) kwa amri ya modprobe, unaendelea na kazi zako. Na kama una mashine mbili za ofisi zinazogawana nyaraka za Word, NFS, njia ya kawaida ya kugawana mafaili mtandaoni, inatosha, usijitese.

Kichwa kinauma ukifika kwa Lustre, mfumo wa mafaili wa klasta kubwa. Mimi nahudumia klasta ndogo inayochakata picha za setilaiti za ziwa na data za mwangwi wa kupima wingi wa samaki. Ni mafaili makubwa, yanasomwa na mashine nyingi kwa wakati mmoja, na hapo Lustre haina mchezo. Lakini haimo ndani ya kerneli rasmi. Upande wa mteja uliwahi kupewa nafasi ya majaribio humo mwaka 2013, toleo la 3.11, kisha ukaondolewa mwaka 2018 katika 4.18. Kwa hiyo tunajijengea wenyewe.

Hata hivyo, si kila mashine ya klasta inaguswa kerneli. Mashine za upande wa mteja zinahitaji moduli tu. Viraka vinahusu seva zinazotunza data kwa ldiskfs, ambayo ni ext4, mfumo wa kawaida wa mafaili wa Linux, iliyoongezewa mambo. Ukichagua ZFS, mfumo mwingine wa kutunza data kwenye diski, ambayo Lustre inaikubali kwenye seva tangu toleo la 2.4, habari ya viraka inaishia hapo. Na matoleo ya karibuni yanaruhusu hata ldiskfs ijengwe bila kugusa kerneli yenyewe, mradi uwe na msimbo wa ext4 wa kerneli ileile unayoendesha. Kwa anayeanza leo, mimi ningesema aende na ZFS. Abaki na ldiskfs kama RAM ni ya kubana, au kama kazi yake ni mafaili madogo mengi sana.

Umeamua kubandika? Sawa. Andika uname -r, amri inayoonyesha toleo la kerneli, usome namba mpaka mwisho. Linux ya Red Hat 8 itakwambia 4.18.0, ila hiyo si ile 4.18 ya kerneli rasmi. Wamerudishia humo mambo mengi ya matoleo ya mbele. Kinachokuhusu ni mkia. 4.18.0-513 na 4.18.0-553 ni kerneli mbili tofauti, na kiraka cha moja kinaweza kukataa kwa nyingine. Ndani ya msimbo wa Lustre kuna faili la ChangeLog linalotaja kerneli zilizojaribiwa. Chagua kerneli kutoka humo. Wengi wanapenda kuchukua kerneli mpya kabisa kisha kutafuta kiraka cha kuilazimishia, na huko ndiko usiku unakoishia.

Sasa endesha patch -p1 --dry-run, inayojaribu tu bila kubadilisha kitu, na usome majibu kwa utulivu. Ukiona neno offset, mistari imesogea tu, hakuna shida. Ukiona fuzz, simama: programu imekisia mahali pa kubandika kwa sababu mazingira ya mistari hayafanani kabisa. Fungua faili hilo uhakikishe kwa macho yako, kwa kuwa kiraka kilichokaa kwenye fanksheni ya jirani kinaweza kukompaili bila kelele kisha kikaharibu data. FAILED haina mjadala. Kerneli na kiraka havikuandikiana.

Kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) kunachukua muda, na sisi wa kando ya ziwa tunazijua radi za usiku. Weka UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati, usirudie make, amri ya kukompaili, ukidhani itaendelea salama ilipoishia. Yanaweza kubaki mafaili ya .o (vipande vilivyokompailiwa) yenye baiti 0 ambayo make inayahesabu kuwa yamekamilika. Piga make clean, anza upya.

Wakati wa kusakinisha tumia rpm -ivh, si -Uvh, ili kerneli ya zamani ibaki. Halafu kuna jambo ambalo huwa nalisisitiza kuliko yote: acha ile ya zamani iwe chaguo la kudumu la GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, uijaribu mpya kwa grub2-reboot, ambayo inafanya kazi kwa safari moja tu, na uongeze panic=30 kwenye vigezo vya kerneli mpya. Ikianguka, seva itasubiri sekunde 30, itajiwasha yenyewe na kurudi kwenye kerneli ya zamani. Unaweza kuwa Sengerema huku seva iko mjini, na usihitaji kumwamsha mlinzi akabonyeze kitufe.

Moduli ikigoma kwa ujumbe wa Invalid module format, soma dmesg, ujumbe wa kerneli yenyewe. Mara nyingi ilijengwa kwa kerneli nyingine. Ikisema Required key not available, hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa kuwasha mashine, inadai saini ya moduli.

Ikishakaa vizuri, pima kabla ya kumkabidhi mtu yeyote. Gawa faili kubwa kwenye hifadhi mbili kwa lfs setstripe -c 2, liandike kutoka mashine moja, kisha piga md5sum, namba ya kuhakiki faili, kwenye mashine hiyo na kwenye nyingine. Namba zikifanana, funga kerneli isibadilike kwa dnf versionlock, la sivyo sasisho la kawaida litaleta kerneli mpya isiyo na moduli zako na seva itaamka bila diski za klasta. Kufunga huko kuna gharama yake: marekebisho ya usalama nayo yanasubiri. Ndiyo maana seva hizi naziweka kwenye mtandao wa ndani usioonekana nje, na kila Lustre inapotoa toleo jipya nasoma ChangeLog yake kwanza, ndipo nafungua kufuli.