Maswali ya Wasomaji: Tusome Nini Kuhusu Mali ya Wachache?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Walimu wenzangu nami tumeanzisha kikundi cha usomaji, na tumekubaliana kusoma kuhusu pengo la walionacho na wasionacho, hasa jinsi mali inavyorundikana kwa wachache na kuwapa madaraka. Kila tunayemuuliza anatutajia kitabu cha Mfaransa Thomas Piketty kuhusu mtaji katika karne ya 21, lakini tunaambiwa ni kikubwa na kinahusu zaidi Ulaya na Marekani. Je, tuanze nacho?

JIBU: Ndugu Mwalimu, kisomeni, ila msianze nacho. Kitabu hicho kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2013, na tafsiri yake ya Kiingereza ina karibu kurasa 700, lakini hoja yake kuu haina ugumu wowote. Piketty anasema kwamba mtaji, yaani mashamba, nyumba za kupangisha, hisa na dhamana, kwa kawaida umekuwa ukileta faida ya asilimia 4 au 5 kwa mwaka, ilhali uchumi kwa ujumla, na mishahara pamoja nao, hukua kwa asilimia 1 au 1.5 tu unapotazamwa kwa kipindi kirefu. Kwa hiyo mrithi humwacha nyuma mfanyakazi, na kila kizazi humwacha mbali zaidi, isipokuwa pale vita, kodi au sera za makusudi zinapoingilia kati. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, asilimia 10 ya watu waliokuwa matajiri zaidi barani Ulaya walimiliki takriban asilimia 90 ya mali yote; vita viwili, mfumuko wa bei na kodi nzito vikaipunguza sehemu hiyo, nayo imekuwa ikipanda tena tangu miaka ya 1980.

Zipo kurasa mbili tatu ambazo ningependa kikundi chenu kizisome kwa sauti. Katika moja, Piketty anaazima tukio kutoka riwaya ya Balzac ya mwaka 1835, ambamo tapeli aitwaye Vautrin anamfunulia mwanafunzi wa sheria, Rastignac, kwamba hata akisoma kwa bidii na kupanda ngazi zote za uanasheria, hatapata kipato kinachokaribia kile atakachopata kwa kumwoa binti mwenye urithi. Kwingine, mwanzoni mwa sura ya kwanza, yupo Afrika: anaanza na wachimbaji 34 wa platini waliouawa na polisi huko Marikana, Afrika Kusini, Agosti 2012, walipogoma wakidai mshahara bora kutoka kwa kampuni yenye makao yake London.

Sasa niseme kwa nini msianze nacho. Piketty ameweza kuhesabu kwa sababu Ufaransa imetunza kumbukumbu za mirathi tangu enzi za Mapinduzi ya 1789, na Marekani ina kodi ya mapato tangu 1913. Kwetu, tajiri mkubwa huenda asionekane kabisa katika daftari la kodi, na ardhi yake ikaandikwa kwa jina la shemeji au la kampuni isiyojulikana mwenyewe. Isitoshe, Piketty huanzia kwenye mali ndipo aende kwenye madaraka, ilhali katika nchi zetu safari mara nyingi imeanzia upande wa pili: mtu hupata kiti kwanza, na kiwanja hufuata.

Kwa hiyo anzeni na Azimio la Arusha la mwaka 1967, hasa sehemu ya miiko ya uongozi. Ni fupi na limeandikwa kwa Kiswahili safi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Na masharti hayo yalimhusu mkewe au mumewe pia. Someni kila katazo mkijiuliza lilikuwa likiziba mlango gani, kisha mkumbuke kwamba mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, CCM iliyalegeza masharti hayo.

Baada ya hapo mchukueni Issa Shivji, na kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania. Lugha yake ni ya Kimarx na inachosha mahali pengine, lakini swali lake bado linachoma: benki na viwanda vilipotaifishwa, ni nani hasa alikabidhiwa funguo? Jibu lake ni kwamba maofisa wa dola waligeuka kuwa tabaka tawala ingawa viwanda havikuwa mali yao binafsi. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye kitabu chake cha 1972 kinaeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, nadhani mmeshamsoma. Wakumbusheni tu wale wanaomtumia kuwatetea viongozi kwamba katika dibaji yake alisema wazi kuwa jukumu la maendeleo linabaki mabegani mwa Waafrika wenyewe.

Mkimaliza hao, Piketty atawasomeka vizuri zaidi, na mtaweza kumbishia.

SWALI: Je, hakuna riwaya ya Kiswahili inayoligusa jambo hili? Vitabu vya uchumi vinanishinda. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Zipo. Tafuta Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978), ambamo utaiona Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi kupitia kwa Kijakazi, mtumishi katika nyumba ya bwana shamba. Kisha soma Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoianza kwa Kikikuyu akiwa kizuizini Kamiti, akiiandika kwenye karatasi za chooni. Humo matajiri wanashindana kujigamba nani mwizi hodari zaidi, na mmoja wao, aliyenenepa kwa biashara ya ardhi, anapendekeza wakulima wauziwe udongo kwa vyungu, na hewa kwa makopo. Ukitaka kuona kwamba mzaha huo una mizizi, isome sambamba na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004, inayoeleza jinsi ardhi ya umma nchini Kenya ilivyogawiwa kinyume cha sheria ili kuwazawadia watu kisiasa.