Scottsdale mwanzoni mwa Oktoba? Sogeza hadi Novemba

Unauliza kama uende kucheza gofu Scottsdale, jimbo la Arizona, Marekani, mwanzoni mwa Oktoba. Hapana ndugu, tarehe hizo utakuta mageti ya viwanja yamefungwa. Nenda katikati ya Novemba.

Viwanja vingi vya gofu vya Scottsdale na Phoenix hufungwa wiki mbili tatu kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba. Nyasi zao za bermuda, zinazopenda joto, huacha kukua na kugeuka kahawia baridi ikianza, kwa hiyo wanazikata hadi chini kabisa, wanamwaga mbegu za rai, nyasi zinazostahimili baridi, na kumwagilia kutwa. Shemeji yangu anafanya kazi hiyo huko. Hata kiwanja kikishafunguliwa, siku za mwanzo kigari hakiruhusiwi kwenye nyasi: unakiacha njiani, unatembea hadi ulipo mpira umekumbatia fimbo tatu kwa sababu hujui utahitaji ipi.

Tarehe hutofautiana kiwanja na kiwanja, hivyo piga simu kabla ya kukata tiketi. Kama likizo ni Oktoba tu, anzia milimani, Flagstaff, jimbo hilohilo. Iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na nyasi zake ni za aina inayostahimili baridi, hazihitaji kazi hiyo. Kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, mpira utaruka mbali kidogo kuliko ulivyozoea, ila asubuhi beba sweta.