Kabla ya kusaini kotesheni ya sola, isome hivi

Tangu tuweke paneli juu ya paa la nyumba yetu, ndugu na majirani wamekuwa wakiniletea kotesheni zao nizisome. Swali lao la kwanza huwa moja: hii bei ni nzuri? Nami huwaomba kwanza bili za umeme.

Bei haina maana mpaka ujue itakupa uniti ngapi kwa siku, saa zipi, na kwa miaka mingapi. Kotesheni isiyojibu hayo matatu huwa nashauri irudishwe kwa aliyeiandika, hata kama jumla yake inavutia.

Chukua rekodi za umeme za miezi 12, maana matumizi hubadilika kwa msimu, kisha tafuta wastani wa siku. Tuseme unapata uniti 10. Sasa zitenganishe: ngapi hutumika jua likiwapo, na ngapi baada ya magharibi? Pasi, mashine ya kufulia na pampu ya maji unaweza kuzihamishia mchana. Taa ni za usiku, na friji haina mchana wala usiku. Mgawanyo huo ndio unaoamua ukubwa wa betri, na betri inaweza kumeza sehemu kubwa ya pesa zote. Muuzaji aliyekuandikia bei bila kukuuliza unatumia nini usiku amebahatisha.

Kisha twende kwenye paneli. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa paneli zilipimwa maabara, mwanga ukiwa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya paa, jua likiwaka sawasawa, seli hufika nyuzi 60, na paneli za silikoni kwa kawaida hupoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Hapo tayari zaidi ya asilimia 10 imekwenda, na bado hujahesabu vumbi, waya na kinachopotea ndani ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani. Mimi huondoa asilimia 25 kabla sijaamini chochote. Paneli 10 za wati 450 ni kilowati 4.5. Mahali penye wastani wa saa 5 za jua kamili kwa siku, hesabu ya haraka inatoa uniti 22.5, lakini wewe tarajia 17 hivi. Ukikuta kotesheni imeahidi 22, ujue mtu amezidisha tu, hakutoa kitu. Na hizo saa za jua kamili zisikuchanganye na muda wa kuanzia macheo hadi machweo: ni mwanga wa siku nzima uliokusanywa na kuhesabiwa kana kwamba wote ulikuwa na nguvu ya saa sita mchana.

Hesabu hii huhitaji kumwachia muuzaji. PVGIS ya Tume ya Ulaya na Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia zinapatikana bure mtandaoni na zinahudumia sehemu kubwa ya dunia. Unaweka alama nyumba yako ilipo, unaandika kilowati, mwinamo na uelekeo wa paa, unapata makadirio ya mwezi kwa mwezi. Tazama mwezi mbaya kuliko yote, hasa kama hutakuwa na umeme wa gridi wa kukuokoa. Usisahau tu kwamba programu hizo haziuoni mti wa jirani wala tangi la maji lililo juu ya paa lako, na kivuli kikiangukia paneli moja kinaweza kushusha uzalishaji wa mstari mzima uliofungwa pamoja nayo. Ndiyo maana simwamini fundi anayetoa bei ya mwisho bila kufika na kulitazama paa.

Kwenye betri mimi hukaa muda mrefu kuliko popote. Kotesheni husema "betri 4, Ah 200", na watu hulinganisha idadi. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 12 na ampea-saa 200 inabeba wati-saa 2,400, yaani uniti 2.4. Nne zinabeba 9.6. Lakini kama ni za asidi, zikishushwa chini ya nusu kila siku huchakaa mapema, kwa hiyo unazoweza kuzitegemea ni uniti 4.8 tu. Betri za lithiamu aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti) kwa kawaida huruhusu kutumia asilimia 80 hadi 90, na huvumilia mizunguko elfu kadhaa ya kujaa na kushuka. Sasa linganisha maisha yote. Betri zetu za asidi zikidumu mizunguko 1,000, zitakuwa zimetoa uniti 4,800. Lithiamu moja ya uniti 5, ukitumia 4.5 kila mzunguko kwa mizunguko 4,000, itakuwa imetoa 18,000. Hata ikiwa bei ya lithiamu ni mara 2 ya zile za asidi, kila uniti yake imekugharimu pungufu kuliko ya asidi. Naomba sana usiiruke hesabu hii, kwa sababu hapa ndipo kotesheni ya "bei rahisi" hugeuka kuwa ghali baada ya miaka michache, wakati fundi ameshaondoka na wewe unatafuta pesa za betri mpya. Dai iandikwe aina ya betri, uniti zinazotumika, idadi ya mizunguko, na mizunguko hiyo imehesabiwa kwa kushusha betri hadi wapi. Neno "lithiamu" peke yake halitoshi.

Inveta ina namba mbili: nguvu inayoweza kutoa muda wote, na nguvu ya sekunde chache wakati mota inaanza. Pampu na friji huvuta mara kadhaa ya kawaida yake zinapowaka, basi dai zote mbili ziandikwe. Lakini kuna swali lililo kubwa kuliko hilo: gridi ikikatika, nyumba itabaki na umeme? Inveta ya kawaida ya kuungana na gridi, isiyo na betri, hujizima umeme unapokatika hata jua likiwa utosini. Imeundwa hivyo ili isirudishe umeme kwenye nyaya ambazo mafundi wa laini huenda wanazishika. Nimeiona familia iliyonunua sola kwa sababu ya kukatika kwa umeme, ikakaa bila umeme mchana kweupe, paneli zote zikiwa zinang'aa. Hakuna aliyekuwa amewaeleza. Muuzaji akuandikie ni saketi zipi zitaendelea kufanya kazi na kwa saa ngapi.

Halafu kuna ule mstari wa mwisho, "vifaa vya ufungaji" au "mengineyo". Uombe uchambuliwe. Upande wa paneli unahitaji breka za DC, yaani za umeme wa mkondo mmoja unaotoka kwenye paneli, kwa sababu cheche ya umeme wa DC ni ngumu kuzimika na breka ya AC, ile ya umeme wa kawaida wa nyumbani, ikiwekwa hapo inaweza kuungua. Waya uwe wa sola unaovumilia jua, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iwepo, na kinga ya radi iwepo. Paneli ziwe na viwango vya kimataifa vya ubora na usalama, IEC 61215 na IEC 61730. Na kama bati limechakaa, libadilishe kwanza, maana paneli zinakusudiwa kukaa miaka 25, na kuzishusha na kuzipandisha tena utalipia.

Dhamana ya miaka 25 inayotajwa kwa herufi kubwa huwa ni ya kiwango cha uzalishaji wa paneli. Ya paneli yenyewe kama bidhaa ni nyingine, ya inveta mara nyingi ni miaka 5 hadi 10, na ya kazi ya fundi ni nyingine kabisa. Uliza nani atalipa usafiri na ufundi kifaa kikiharibika.

Kuhusu ahadi ya "itajilipa baada ya miaka 4", angalia kama wamehesabu uniti zote zinazozalishwa. Mfumo ukitoa 17 nawe ukatumia 12, na gridi hainunui ziada, basi 5 hazikuokolei chochote. Tumia 12 hizo na bei ya uniti unayolipa leo, si bei wanayodhani itakuja kupanda. Pia weka kando gharama ya inveta nyingine, kwa sababu inaweza kuchoka kabla ya paneli.

Kotesheni 3 zinatosha, mradi zote zimejibu mahitaji yaleyale. Nikikuta moja iko chini sana kuliko nyingine, hutafuta kilichokosekana, na mara nyingi hukikuta kwenye betri au kinga.

Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka mfumo ujaribiwe mbele yako: gridi imezimwa, pampu na friji zinafanya kazi, na betri imebeba nyumba usiku mmoja kamili. Siku hiyo upokee mchoro wa nyaya, namba za vifaa, na nenosiri la programu ya kufuatilia uzalishaji, akaunti ikiwa kwa jina lako.